SOMO LA AFYA: MAFINDOFINDO, NA KWA NINI KIMEO KISIKATWE

Leo tunasoma juu ya ugonjwa ambao akina mama wengi wanatuuliza habari zake. Mtoto anakataa uji, anashika shingo, mwili unachemka. Ni mafindofindo, au tonsesi kama wengine wanavyosema.

Je, mafindofindo ni nini? Nyuma ya ulimi, upande wa kulia na wa kushoto, kuna vinyama viwili vinavyoitwa tonsili. Hivyo ni kama walinzi wa mlangoni, vinakamata vijidudu vinavyoingia kwa mdomo na pua. Vijidudu vikizidi, walinzi wenyewe wanavimba na kuuma.

Mara nyingi wanaoleta shida hiyo ni virusi, kama vile vya mafua. Mtoto wa namna hii ana kikohozi, kamasi zinatoka, sauti imekwaruza, pengine na macho mekundu. Hahitaji antibayotiki, kwa sababu antibayotiki haiui virusi. Mpeni maji ya kutosha, uji usio wa moto sana, na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Mkubwa anayeweza kutema asukutue koo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja. Asali inalainisha koo, lakini asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1. Aspirini msiwape watoto. Kwa kawaida ndani ya wiki moja amepona.

Mafindofindo ya pili yanaletwa na bakteria waitwao streptokoka, na yanawapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Homa inapanda ghafla, kumeza mate ni shida, matezi chini ya taya yamevimba na yanauma ukiyagusa, na kikohozi hakuna. Msimamisheni mtoto mlangoni penye mwanga, afungue mdomo aseme "aaa". Mkiona tonsili nyekundu zenye madoa meupe ya usaha, mpelekeni zahanati. Tunajua foleni ya zahanati ilivyo, hasa siku inayogongana na mgao. Hata hivyo nendeni.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu ya moyo. Streptokoka asipotibiwa, koo linaweza kupona lenyewe na mzazi akashukuru, halafu baada ya wiki 2 au 3 mtoto anaanza kuumwa viungo: leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Maumivu ya viungo yanaisha, lakini vali za moyo zinaweza kubaki zimeharibika maisha yote. Msichana akija kuwa mjamzito, ndipo wengine wanagundua moyo umechoka.

Kinga yake ni penisilini au amoksilini, na dozi ni siku 10 kamili. Kuna pia sindano moja ya benzathini penisilini inayotosha badala ya vidonge. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma, bado inazuia homa hiyo, basi msikate tamaa kwa kuchelewa siku mbili tatu. Kama mtoto amewahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini, mwambieni muuguzi kabla hajaandika dawa.

Hapa ndipo wengi tunakosea. Siku ya tatu homa imeshuka, mtoto anacheza, na vidonge vilivyobaki vinawekwa kwa ajili ya mdogo wake. Matokeo yake hakuna aliyetibiwa kati ya hao wawili. Na zile dawa za rangi mbili zinazouzwa mojamoja sokoni, kidonge kimoja au viwili si dozi ya ugonjwa wowote.

Sasa kimeo. Wazee wetu wengi walikatwa, na wapo mafundi hata hapa. Lakini angalieni tena mdomoni: kimeo ni kile kinachoning'inia katikati, na mafindofindo yako pembeni. Kukata kimeo hakugusi ugonjwa. Kunaleta damu nyingi, na kisu kilichopita kwa watoto kadhaa kinaweza kubeba pepopunda au virusi vya ukimwi. Tunawaheshimu wazee, ila kwa hili hatukubaliani nao.

Mkimbizeni mtoto hospitali hata usiku akishindwa kumeza mate yake, akitoa udenda, akishindwa kufungua mdomo, au akipumua kwa shida. Huyo msimwingize kijiko mdomoni. Vilevile mkiona utando wa kijivu kooni na shingo imevimba sana, hiyo inaweza kuwa dondakoo, ambayo ina chanjo yake katika zile za utotoni. Angalieni kadi.

Nyumbani, mgonjwa wa streptokoka awe na kikombe chake, na kama nafasi ipo alale upande wake, angalau mpaka amalize siku 1 ya dawa. Baada ya hapo kwa kawaida haambukizi tena.

Mtoto aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi huchomwa sindano ya benzathini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Familia yenye mtoto kama huyo, ikiwa inarudi nyumbani au inahamishiwa nchi nyingine, iombe zahanati karatasi inayoonyesha ugonjwa, jina la dawa na tarehe ya sindano ya mwisho, na karatasi hiyo isafiri mkononi, isiwekwe kwenye mizigo.