Kabla Hujawaketisha: Mbinu za Msuluhishi wa Mtaa

Msuluhishi wa kujitolea Likoni, Kisauni au Changamwe, Mombasa, huitwa mambo yakishachemka: maji machafu ya jirani yameingia uani kwa mwenzake, mpangaji amefungiwa mlango, kijana ameiba simu ya mama mboga. Wengi wetu hukimbilia kuwaita wote wawili, kuwapa mawaidha, kisha "peaneni mikono, yaishe". Baada ya wiki mbili yameanza upya. Kikao ni sehemu fupi ya kazi hii. Kazi yenyewe iko kabla yake, na baada yake.

Anza kwa kuchuja. Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatambua upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kumaliza migogoro, na mwaka 2020 Mahakama ilizindua sera yake ya mifumo mbadala ya haki. Lakini ibara hiyohiyo inakataza njia za jadi zinazokiuka haki za binadamu. Kuna mambo ambayo hupaswi hata kuyawekea tarehe: ubakaji, unajisi wa mtoto, mauaji, wizi wa mabavu. Huku kwetu familia mbili hukaa usiku, zikahesabiana fidia, binti akaambiwa anyamaze ili heshima ya nyumba isivunjike. Huo si usuluhishi, na anayeusimamia anashiriki kuficha kosa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kesi hiyo si ya wazazi kuifuta. Mpeleke mtoto hospitali na kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia, au upige 116, laini ya watoto. Ukiombwa "tuyamalize nyumbani", jibu ni hapana, hata anayeomba akiwa ndugu yako.

Mirathi, ndoa na talaka za Waislamu zina Kadhi. Unaweza kuwapoza watu, lakini usigawe urithi wewe. Na hati ya ardhi usiiguse: karatasi ya baraza haihamishi jina kwenye hati, na ukiandika kana kwamba inaweza, utakuwa umemtafutia mtu kesi nyingine.

Kinachobaki bado ni kingi. Mwone kila upande peke yake, kwake nyumbani, kabla hawajakutana. Sikiliza bila kutoa shauri. Muulize aliyekosewa mambo matatu tu: kulitokea nini, kimekuuma nini zaidi, na ungependa kifanyike nini. Jibu la tatu hushangaza. Umekuja ukidhani atadai pesa, kumbe anataka aliyemtukana hadharani aseme hadharani kwamba alikosa. Muulize pia, akiwa faraghani, kama anaogopa kuketi na yule mwingine. Mke anayepigwa atakubali lolote mbele ya mumewe. Mtu wa namna hiyo hahitaji kikao, anahitaji ulinzi.

Usiketi peke yako. Watu watatu wanatosha, mmoja wao awe mwanamke, na wasiwe wote wa kabila moja wala dini moja. Likoni bado inaikumbuka Agosti 1997, kituo cha polisi kilipovamiwa na watu wa bara wakafukuzwa makwao. Mtu wa bara akiingia akute sura zote ni za upande wa pili, atatia sahihi ili atoke salama, si kwa kuwa ameridhika. Kwa sababu hiyohiyo, angalia mnapokutana. Msikiti au kanisa la upande mmoja halifai, na ofisi ya chifu huwatisha wengine. Darasa la shule siku ya Jumamosi ni bora. Saa nayo ipange kwa watu wenyewe: wa Changamwe wengi wako zamu bandarini au kwenye depoti za makontena, wa Likoni wanasubiri feri jioni.

Ugomvi wa mahali uende mahali. Chukua mfano wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu ana nyumba yake lakini kiwanja ni cha mwingine anayemlipa kodi. Ameongeza jiko kwa nyuma, ujia umekuwa mwembamba, jeneza halipiti. Barazani mtabishana hadi Magharibi. Twaeni kamba, mwende wote ujiani, kila mmoja ashike ncha. Wakiona kamba imekwama kwenye ukuta, nusu ya maneno inakwisha. Mwenye ardhi naye aitwe, maana bila yeye hakuna kinachojengwa wala kubomolewa.

Kijana aliyeiba ndiye mtihani mkubwa. Jirani wenye hasira wako tayari na mawe, na wazazi wanaogopa kumfikisha polisi. Si hofu ya bure, kwani mashirika ya haki za binadamu ya Haki Africa na MUHURI yameandika kuhusu vijana wa Pwani waliouawa au kutoweka. Basi mkubali kumketisha, kwa masharti. Kwanza akiri mwenyewe. Asiyekiri hana cha kurekebisha, na baraza si mahali pa kumtafuta mwizi. Pili, alipe yeye, hata kwa shilingi mia kwa wiki kutoka vibarua vyake. Mama akilipa, kijana hajalipa kitu. Tatu, aliyeibiwa asisukumwe kusamehe. Akisema "nataka simu yangu, msamaha baadaye", amesema haki yake. Na kama kesi iko tayari kortini, makubaliano yenu hayaiondoi. Hakimu anaweza kuruhusu upatanisho kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida, lakini uamuzi ni wake.

Yaandikeni mliyokubaliana, kwa Kiswahili cha kawaida. "Wataishi kwa amani" ni sentensi isiyo na kazi. Andika: "Atahamisha bomba la bafuni kutoka ujiani kabla ya tarehe 15 Mei, fundi atamlipa yeye." Someni kwa sauti, kila upande ubaki na nakala, na wewe urudi tarehe 16 kulitazama lile bomba. Hapo ndipo wasuluhishi wengi hupotea. Pesa ya soda usiichukue, si kabla wala baada. Mtaa mzima utajua kabla ya Isha.

Ukishindwa, sema mapema. Deni la hadi shilingi milioni moja linasikizwa na Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60, na Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa kwa asiyeweza kumlipa wakili. Dai la mkataba lina miaka 6 kisheria, la kuumizwa miaka 3, na miaka hiyo haisimami eti kwa sababu mko barazani mkizungumza. Mwambie hivyo mdai siku ya kwanza.