SOMO: MTI MMOJA, MBEGU ZA MAHALI TOFAUTI



Somo la toleo hili tunalianza na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulipeleka miche ya mringaringa kwenye sharika za mlimani. Miche ilikuwa mizuri, na mti huo wenyeji wanaujua tangu enzi za mababu. Lakini mbegu tulizinunua tambarare, kwenye joto, bila kuuliza zaidi. Baridi ya Juni na Julai ilipofika, mingi ilikauka kuanzia kwenye ncha, huku miringaringa iliyojiotea kando ya mashamba ikiendelea vizuri. Mzee mmoja wa usharika alituuliza kama tumeleta mti mwingine. Tukamjibu kuwa ni uleule. Jibu letu lilikuwa nusu ya ukweli.

Nusu ya pili ilichunguzwa zamani huko California, Marekani. Jens Clausen, David Keck na William Hiesey walichukua mmea mdogo wa porini, wakati huo ukiitwa Potentilla glandulosa, unaoota kuanzia karibu na pwani hadi milima mirefu. Kila mmea waliugawa vipande, wakavipanda kwenye bustani tatu: Stanford, mita 30 hivi juu ya usawa wa bahari, Mather, mita 1,400, na Timberline, zaidi ya mita 3,000. Matokeo waliyatoa mwaka 1940. Mimea iliyotoka pwani haikustahimili majira ya baridi ya kule juu. Ile ya mlimani, hata ilipohamishiwa Stanford ambako baridi si kali, iliendelea kulala wakati wa baridi kama ilivyozoea kwao. Kumbe tofauti haikuwa ya udongo na hewa tu. Ilikuwa ndani ya mmea, katika urithi wake.

Hali hiyo hutokea polepole. Kwenye baridi, mche dhaifu hufa kabla haujazaa mbegu. Unaostahimili huzaa, na watoto wake hurithi ustahimilivu huo. Vizazi vikipita, miti ya mlimani hutofautiana na ya bondeni, ingawa jina ni moja. Wakulima wetu wanalijua jambo hili kwenye mahindi: mbegu ya Katumani, iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu kavu za Machakos, hukomaa mapema, na hakuna anayetegemea iwe sawa na mahindi ya nyanda za juu zenye mvua ndefu.

Basi kwa nini tusiseme ni spishi mbili? Kipimo kinachotumika sana ni uzazi: mimea ikibadilishana chavua na kuzaa watoto wenye rutuba, huhesabiwa kuwa spishi moja. Kipimo hiki hakitoshi kila mahali, maana mimea mingi ya spishi tofauti huchanganyika pia. Mfano uko hapa kwetu, kwenye ua maarufu la Usambara. Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Baadaye wataalamu walifikia kuhesabu spishi 20 hivi, kwa kuwa mimea ya kila mlima ilionekana tofauti kidogo. Mapitio ya mwaka 2006 yalizipunguza hadi 6, na mwaka 2015 kundi zima liliingizwa katika Streptocarpus. Ua lenyewe limebaki kwenye mwamba wake wenye kivuli. (Tuliwahi kuulizwa kama spishi ndiyo “jinsi” ya Mwanzo sura ya 1. Sisi hatudhani sura ile iliandikwa kuwa orodha ya wataalamu wa mimea.)

Kwa wafadhili wetu tunakiri kuwa taarifa zetu zilihesabu miche iliyopandwa, wala hazikusema mbegu zilitoka wapi. Fomu hazikuuliza, nasi hatukujisumbua. Kuanzia msimu huu kila mfuko wa mbegu utakaoingia kitaluni uwe na kadi yenye jina la mti, kijiji ulikookotwa, mwinuko wa mahali hapo na tarehe. Kamati ziokote mbegu kwenye miti mingi iliyoachana, si chini ya mti mmoja mkubwa ulio jirani na kanisa. Mfuko usio na kadi tutaurudisha, hata kama umetolewa bure.