Seli ya Neva Inaishia Wapi?

Kata ubongo kipande chembamba cha kupitisha mwanga, ukiweke chini ya hadubini. Huoni kitu cha maana, kwa kuwa seli hazina rangi. Ukitumia rangi inayoshika seli zote, unaingia kwenye shida nyingine: matawi yamesongamana mno hata hujui lipi ni la seli ipi, kama mtu anayefuata mzizi mmoja ndani ya msitu wa mikoko.

Basi inatakiwa rangi inayoshika seli chache tu, lakini ikishika, ishike seli nzima. Mwaka 1873 daktari Mwitaliano, Camillo Golgi, aliipata. Aliigandisha tishu kwa dikromati ya potasiamu, kisha akailoweka katika nitrati ya fedha. Chumvi nyeusi ikajaa ndani ya seli moja moja, jirani zake zikabaki bila rangi. Seli ikaonekana yote: kiwiliwili, matawi mengi mafupi yanayopokea taarifa, na mkia mmoja, akzoni, unaozipeleka mbele. Akzoni inayotoka uti wa mgongo hadi mguuni hufikia karibu mita moja, ilhali kiwiliwili chake ni vigumu kukiona kwa macho.

Golgi aliamini nyuzi hizo zimeungana kuwa wavu mmoja. Mhispania Santiago Ramón y Cajal hakukubali. Akzoni nyingi za mnyama mzima zimevikwa mayelini, ala yenye mafuta mengi, nayo huizuia fedha isipenye. Cajal akageukia ndege wachanga na vifaranga walio bado ndani ya yai, kabla ala hiyo haijakamilika. Kwangu hapa ndipo penye akili kubwa ya kazi yake: hakungoja lenzi bora, alibadili umri wa kile anachokitazama. Mwaka 1888 akachapisha alichokiona: kila akzoni ina mwisho wake, na ncha zake hukaribia seli nyingine bila kuungana nayo.

Pengo lenyewe hakuliona. Lina upana wa nanomita 20 hivi, na hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya nanomita 200. Ndiyo maana mwaka 1906, walipogawana Tuzo ya Nobel, Golgi aliweza kusimama Stockholm akiutetea wavu wake. Miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ikaonyesha utando wa seli moja, nafasi, kisha utando wa seli ya pili. Upande unaotuma taarifa kuna vifuko vidogo vyenye kemikali zinazomwagwa kwenye nafasi hiyo. Baadhi ya seli, zikiwemo za retina ya jicho, zimeunganishwa pia kwa vitundu ambamo umeme hupita moja kwa moja, lakini hata hizo kila moja ina utando wake.