Kuanguka kwa Kichwa

Baiskeli za Uingereza za miaka ya 1870 zilikuwa na gurudumu la mbele kubwa mno, hata futi 5 kwenda juu, na la nyuma dogo. Mpandaji aliketi juu kabisa, karibu wima juu ya kitovu cha gurudumu lile kubwa. Likikwama penye jiwe, gurudumu lilisimama, lakini mwili wake ulizidi kwenda, naye akaanguka kwa kichwa mbele ya watu. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatengeneza baiskeli ya kiti cha chini, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma.

Je, hatari ilikwisha? La. Mteremkoni yafaa kukamata breki zote mbili pamoja, polepole. Mimi, nilipokuwa mwalimu mgeni, mbuzi alikatiza njia, nami nikakamata ya mbele peke yake, kwa nguvu. Nikaruka juu ya usukani, nikaangukia kikapu cha mayai cha bibi mmoja. Wanafunzi wangu walikuwa wakipita. Kwa adabu njema wakasimama wote, wakasema, “Shikamoo, Mwalimu.” Nikaitika “Marahaba,” huku ute ukinitiririka masikioni.

Bibi hakucheka. Alihesabu maganda, akasema, “Kumi na manne, mwanangu.” Niliyalipa mwisho wa mwezi.