Mzee Aulizwe Kwanza



Sisi tunaosoma falsafa tukifungua Jamhuri ya Plato, huwa tunakimbilia swali la haki. Kabla ya swali hilo kuna mazungumzo mafupi na mzee mmoja, nayo hayafai kurukwa. Socrates anamkuta Cephalus nyumbani, kule Piraeus. Mara mzee anaanza kumlaumu: mbona huji kutuona mara kwa mara? Ningekuwa na nguvu, ningekuja mjini mwenyewe. Nani kati yetu hajayasikia haya kwa bibi yake?

Socrates anamwuliza swali: wewe umetangulia katika njia ambayo huenda nasi tutaipita, je, ni ngumu au nyepesi? Cephalus anajibu kwamba wenzake wengi huulalamikia uzee, na jinsi ndugu zao wanavyowadharau, lakini yeye anaona tatizo si umri bali ni tabia ya mtu. Hapo Socrates haitikii tu kwa adabu. Anambishia: watu watasema unauvumilia uzee kwa sababu una mali. Mzee anakubali kwa sehemu. Kwangu mimi, heshima yenyewe imo katika kubishiwa huko. Maneno ya mzee yamepimwa kama maneno ya mtu mwenye akili timamu.

Sasa tuangalie nyumbani kwetu. Tunampa mzee shikamoo, tunamwekea kiti, kisha kikao cha familia kinaamua atahamia kwa mtoto yupi na shamba lake atalima nani, naye amekaa palepale. Akifungua kinywa anaambiwa, "Tulia baba, sisi tutashughulikia." Mwisho wa mwezi pesa inatumwa kwa simu.

Pesa hiyo ni wajibu. Katika Marko 7 Yesu anawakemea wanaotumia Korbani, yaani mali iliyowekwa wakfu kwa Mungu, kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao (sisi waseminari tuisome mara mbili). Lakini Katekisimu, namba 2218, haiishii kwenye mali. Inawataka watoto waliokwisha kukua wawape wazazi msaada wa kimaadili pia, katika uzee, ugonjwa, upweke na dhiki. Sioni jinsi mtu anavyoweza kuondolewa upweke na watu wasiomwuliza neno.

Wapo watakaosema: mzee wetu amesahau hata majina ya wajukuu, tumwulize nini? Ni kweli, shauri la kugawa shamba huenda limeshamzidi. Lakini bado anajua kama chai ni ya moto mno, kama anataka kukaa jua linapopiga au chini ya mwembe, kama leo anataka kusali rozari na wengine au kulala mapema. Aulizwe hayo, na anayeuliza asubiri jibu, hata likichelewa.