Cheti cha daktari kilichotumwa kwa simu

Mfanyakazi wa Mpwapwa aliyeongea na daktari wa Dodoma kwa simu akatumiwa ED humo humo, je, mwajiri aikatae? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mgonjwa siku 126 katika miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Asipoleta cheti, mwajiri halazimiki kumlipa. Cheti kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au mwingine ambaye mwajiri anamkubali, wala asimkatae bila sababu ya msingi. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hairuhusu hati ibatilishwe kwa kuwa tu ni ya kielektroniki. Ama ED ya kununua, huo ni uongo, na mshahara wake una shubha. Jina la daktari, namba yake ya usajili na tarehe visomeke. Ujumbe wenyewe usiufute.