Dhana ya Msongamano katika Upimaji wa Elektroni kwa Leza

1. Utangulizi

Mkazi wa Kisiwa cha Mombasa anapotamka neno "msongamano", aghalabu hukusudia wingi uliopita kiasi: abiria kwenye kivuko cha Likoni, au magari kwenye daraja la Nyali. Katika fizikia, neno hilo hilo ni jina la kipimo, yaani idadi ya vitu katika nafasi maalumu, iwe kubwa au ndogo. Makala haya yanafafanua tofauti hiyo kwa mfano wa elektroni zilizomo katika plazma.

2. Plazma na Msongamano Wake

Plazma ni gesi ambayo elektroni zake zimebanduka kutoka kwenye atomu. Ndani ya mtambo uitwao tokamaki, plazma yenye joto kali huzuiwa kwa nguvu za sumaku ili viini vyepesi vya atomu viungane na kutoa nishati, kama inavyotokea katika jua. Kila mita ya ujazo humo huwa na elektroni kati ya 10¹⁹ na 10²⁰ hivi. Hewa ya kawaida ina molekuli zaidi ya 10²⁵ katika nafasi kama hiyo. Basi anayedhani kuwa plazma hiyo imebanana kama umati wa Likoni amepotoka: chembe zake ni chache mno kuliko za hewa. Hata hivyo, msongamano huo sharti ujulikane, kwani kufaulu kwa muungano hutegemea msongamano, jotoridi na muda wa kuhifadhika kwa nishati.

3. Njia Mbili za Leza

Kifaa kikiingizwa katikati ya plazma huharibika na kuichafua; kwa hiyo hutumiwa mwanga.

Njia ya kwanza huugawa mwali wa leza: sehemu moja hupita katika plazma, nyingine nje yake. Zinapokutanishwa, mawimbi yake huwa yamepishana, na kiasi cha kupishana huko hueleza jumla ya elektroni zilizokuwa njiani. Njia hii haionyeshi elektroni ziko sehemu gani ya njia.

Njia ya pili huchunguza mwanga uliotawanywa. Mtu akimulika kurunzi usiku katika kichochoro cha Mji wa Kale, kadiri wavaao kanzu nyeupe wanavyozidi, ndivyo mwanga unaomrudia unavyozidi. Elektroni nazo huutawanya mwanga wa leza: wingi wa mwanga huo hueleza msongamano wa mahali hapo, na kutanuka kwa rangi yake hueleza jotoridi.

4. Ushahidi wa 1969

Mwaka 1968 Wasovieti walitangaza kuwa tokamaki yao, T-3, ilifikia jotoridi la nyuzi milioni 10 hivi. Wengi wa nchi za Magharibi walitilia shaka. Mwaka 1969 wanasayansi Waingereza wa maabara ya Culham walisafirisha leza hadi Moscow, wakapima kwa njia ya pili, na shaka ikaondoka. Baada ya hapo nchi nyingine nazo zikageukia tokamaki.

5. Hitimisho

Kiswahili hakikosi neno la kueleza sayansi hii. Kinachohitajika ni mwalimu kumtanabahisha mwanafunzi kwamba, katika fizikia, "msongamano mdogo" si maneno yanayopingana.